Kura ya Aliyehama: Siasa, Makao na Kazi Mpya katika Pwani ya Kusini

Anayehama kwao kwenda kuanza kazi mpya hukabiliwa na maswali matatu ya kisiasa. La kwanza ni la deni: anadaiwa nini na watu aliowaacha? La pili ni la sauti: ana haki gani ya kusema katika mambo ya watu aliowakuta? La tatu ni la amana: kazi aliyoipata inamruhusu kuendeleza siasa zake kwa kiasi gani? Sheria hujibu sehemu tu ya maswali haya. Humwambia mtu anachoruhusiwa na anachokatazwa, lakini haimwambii lililo la haki miongoni mwa yale yaliyoruhusiwa. Sehemu iliyobaki ni ya dini na falsafa.

Kaunti ya Kwale inafaa kuyapimia maswali haya, kwa kuwa imekuwa ikipokea na kutoa watu wa kazi kwa muda mrefu. Mashamba ya miwa ya Ramisi yalivuta vibarua mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1988. Mahoteli ya Diani yalileta wapishi, wahudumu na madereva kutoka bara. Mradi wa titani uliwahamisha wenyeji wa Maumba na Nguluku. Kampuni ya Base Titanium ikasafirisha shehena ya kwanza mwaka 2014, ikaacha kuchimba Desemba 2024, na wengi wa waliokuwa wameajiriwa wakalazimika kutafuta riziki kwingine. Wakati huohuo vijana wa Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango wamekuwa wakivuka feri ya Likoni kwenda Mombasa, Nairobi na nchi za Ghuba. Kati ya watu 866,820 waliohesabiwa katika kaunti hii kwenye sensa ya 2019, ni nadra kupata ukoo usio na mtu aliyehama au aliyehamia.

Mzigo usio na sauti

Aristotle aliandika kwamba raia ni yule anayeshiriki katika kuamua na kutawala. Yeye mwenyewe hakuwa raia wa mji alimofanyia kazi. Alizaliwa Stagira, akaishi Athens miaka mingi akifundisha, na huko alihesabiwa mgeni mkaazi: watu wa daraja lake walitozwa kodi yao maalumu, wakaitwa vitani mji ulipohitaji askari, lakini hawakupiga kura. Siasa zilipomgeukia mwaka 323 KK, hakuwa na pa kusemea. Aliondoka, akafa ugenini mwaka uliofuata.

Kwale ina kisa cha namna hiyo kilicho karibu zaidi. Wamakonde walianza kuja kutoka kaskazini mwa Msumbiji miaka ya 1930, wakipitia Tanganyika, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Wengi hawakurudi. Walizaa, wakazika wazee wao hapa, wakajulikana kwa uchongaji wa vinyago, na watoto wao hawakujua nchi nyingine. Hata hivyo kwa zaidi ya nusu karne baada ya uhuru hawakuwa na kitambulisho. Asiye na kitambulisho nchini Kenya hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, haajiriwi kwa mkataba na hapigi kura. Mmakonde aliyetaka kutumiwa hela za kazi yake alilazimika kutumia laini ya jirani, na jirani akiwa si mwaminifu, hakuwa na pa kushtaki.

Oktoba 2016 kundi la Wamakonde lilifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu tarehe 13 mwezi huo, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Baadaye walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani, ambao baadhi yao walikuja kwa uvuvi na wengine wakikimbia machafuko ya Zanzibar ya mwaka 1964, walisubiri hadi 2023 ndipo wakatambuliwa nao.

Ubaya wa hali hiyo haukuwa umaskini peke yake, kwani walikuwapo raia maskini kama wao. Ubaya ulikuwa kwamba maamuzi ya chifu, ya mbunge na ya serikali yaliwaangukia wao sawasawa na majirani zao, nao hawakuwa na njia ya kuyajibu. Wanasheria wa Kiislamu wana kanuni inayosema kuwa faida huenda na dhamana: anayevuna kitu ndiye anayebeba hasara yake, na anayebeba hasara hanyimwi mavuno. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya biashara na mali, lakini inaweza kupanuliwa hadi kwenye siasa. Anayebeba matokeo ya uamuzi ana haki ya kusikilizwa unapofanywa. Sauti ifuate mzigo.

Hijra mbili

Historia ya mwanzo ya Uislamu ina mifano miwili ya kuhama, na watu huichanganya. Wa kwanza ni wa Waislamu waliokimbilia Habasha yapata mwaka 615, naye Jaafar bin Abi Talib akiwa msemaji wao mbele ya Najashi, mfalme wa nchi hiyo. Walilindwa, wakaabudu kwa uhuru, wakajitetea waliposhtakiwa na wajumbe wa Makka. Hawakuingia katika utawala wa nchi ile, na baadhi yao walikaa huko zaidi ya miaka 10 kabla ya kuungana na wenzao Madina. Mfano wa pili ni wa mwaka 622. Waliohamia Madina hawakuwa wageni wa kulindwa tu. Kwa Hati ya Madina walihesabiwa upande mmojawapo wa mapatano ya mji, wakiwa na haki na gharama zake, pamoja na gharama ya kuutetea.

Tofauti ya hijra hizi haikuwa urefu wa muda. Wa Habasha walikaa wakingoja hali ibadilike. Wa Madina walikuja kuufanya mji ule kuwa wao. Uthibitisho ulikuja mwaka 630. Makka ilipofunguliwa, baadhi ya Ansari, wenyeji wa Madina waliompokea, waliingiwa na wasiwasi kuwa Mtume sasa angebaki alikozaliwa. Alirudi Madina, na huko ndiko alikozikwa. Mapenzi ya Makka hayakumtoka, lakini makao ya utawala wake hayakufuata mapenzi hayo.

Aina zote mbili za wageni ziko pwani ya kusini. Msimu wa kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, wavuvi hupiga dago. Huja na vyombo vyao kutoka Pemba au vijiji vingine, wakafika Vanga, Shimoni, Gazi au Msambweni, wakajitambulisha kwa wazee na kwa kamati ya wavuvi (BMU) inayosimamia bandari ndogo, wakalipa ushuru, wakalala kambini na kuuza samaki kwa wachuuzi wa hapo. Msimu ukigeuka huondoka. Mgogoro wao mkubwa na wenyeji umekuwa juu ya nyavu kubwa za kuzingia samaki, ziitwazo ringneti. Mgeni huziona ndizo zinazolipa gharama ya safari. Mvuvi wa mtumbwi wa pale huona zinakomba samaki atakaowategemea yeye wageni wakishaondoka.

Kanuni ya mzigo inasaidia kuligawa suala hili bila kumfukuza mtu. Katika kiwango cha ushuru, mahali pa kambi na namna ya kutatua ugomvi kazini, mgeni wa dago anabeba matokeo, kwa hiyo ni haki asikilizwe. Katika suala la nyavu zipi zitumike na mwamba upi ufungwe samaki wazaliane, matokeo yatawabaki wenyeji kwa miaka, kwa hiyo neno la mwisho ni lao. Mgeni anaweza kushauri. Akitaka zaidi ya ushauri, njia ni ile ya Madina: akae, na abebe yanayokuja baada ya msimu. Waswahili walilisema hili kwa ufupi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayepewa jembe anapaswa pia kuulizwa kipandwe nini.

Yaliyotokea Likoni na Ukunda, mji ulio jirani na Diani, mwaka 1997 yanaonyesha hatari ya kukataa hatua hiyo ya pili, ya kumuuliza mgeni aliyekaa. Usiku wa Agosti 13 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika wiki zilizofuata watu wa bara waliokuwa wakifanya kazi pwani ya kusini walishambuliwa na kuambiwa warudi kwao. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakahama, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Desemba. Vijana waliofanya mashambulizi walikuwa na malalamiko ya kweli: ukosefu wa ajira katika mahoteli yaliyojengwa mlangoni kwao, na ardhi ambayo wazazi wao waliilima kama maskwota wakati hati ziko kwa watu wa mbali. Lakini mpishi kutoka bara aliyepanga chumba Ukunda hakuwa mwenye hati hizo. Alikuwa akinunua maji kwa bei ileile, akipanga foleni katika zahanati ileile, akipoteza kazi msimu wa watalii unapoharibika kama mwenyeji anavyopoteza. Mwenye kiwanja cha ufukweni anayeishi mbali na kukitembelea mara moja kwa mwaka ana maslahi Diani, lakini mzigo hana. Hasira ya 1997 ilimwangukia aliyekuwa karibu na kumwacha aliyekuwa na lawama. Utalii ulianguka, na ajira iliyokuwa ikigombaniwa ikawapotea wote.

Kuna pingamizi moja zito. Wenyeji wanaweza kusema kuwa wageni wakipewa sauti kamili watawazidi kwa idadi, na mji utakuwa wao. Hofu hiyo haidharauliki, hasa kwa watu waliokwisha kupoteza ardhi. Jibu ni kwamba kura ya jirani haimnyang'anyi mtu ardhi. Kinachomnyang'anya ni hati iliyotolewa gizani, na hati kama hiyo hutolewa kirahisi pale majirani wanapokuwa wamegawanyika. Katiba ya 2010, ibara ya 39, inampa kila raia haki ya kukaa popote nchini. Katiba hiyohiyo inalinda ardhi ya jamii. Haki hizi mbili zinatetewa pamoja au zinapotea pamoja.

Deni la aliyeondoka

Upande wa pili ni wa mtoto wa Kwale aliyeondoka. Socrates, kama anavyosimuliwa na Plato, alishikilia kuwa anayebaki katika mji ilhali mlango uko wazi amekubali sheria zake. David Hume alimjibu mwenye hoja hiyo mwaka 1748: maskini asiyejua lugha ya kigeni na anayeishi kwa kipato cha kutwa hawezi kuambiwa ana hiari ya kuondoka. Hoja ya Hume inafaa pia ikigeuzwa. Si kila aliyeondoka ameukataa mji wake. Fundi aliyefunzwa katika mgodi uliofungwa hakuitupa Msambweni. Kazi yake ndiyo iliyokwisha pale. Kwa hiyo kuondoka peke yake hakufuti uhusiano.

Deni lake ni la kweli. Amelelewa, na huenda kasomeshwa kwa fedha za umma. Serikali ya Kwale imekuwa ikigharamia wanafunzi wengi kwa mpango wake wa basari uitwao Elimu ni Sasa. Katika fikihi ya Kiislamu, kazi za kuhudumia jamii kama uganga, ualimu na uamuzi wa haki huwekwa katika faradhi ya kifaya: wakipatikana wa kutosha, wengine wamesameheka, wasipopatikana, dhambi ni ya wote wenye uwezo. Kipimo hiki kina uadilifu kuliko lawama ya jumla kwamba mwacha asili ni mtumwa. Muuguzi anayehamia Ghuba wakati zahanati ya kijiji chake haina muuguzi yuko katika hali tofauti na mhasibu anayeondoka mahali penye wahasibu kumi wasio na kazi. Wa kwanza ana la kujiuliza kabla hajapanda ndege, na kama dhiki ya nyumbani imemlazimu kwenda, deni lake la kurudi au kufidia ni zito zaidi.

Deni hilo lakini halimpi haki ya kuwatawala waliobaki. Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Mtu aliye Nairobi hubaki na usajili wake wa kura kijijini kwa sababu kaburi la babake liko huko na shamba la minazi liko huko. Siku ya kuamkia uchaguzi matatu za Ukunda na Lunga Lunga hujaa kutoka Likoni, abiria wakibeba mikate na vifurushi vya nyumbani. Wanapiga kura, wanalala usiku mmoja, wanarudi kazini. Mwakilishi wa wadi waliyemchagua, akiwa mzembe, atawaachia barabara mbovu watu wengine kwa miaka mitano. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa Wakenya walio nje ya nchi, utaratibu wa sheria umekaribia kanuni ya mzigo, iwe kwa makusudi au kwa sababu za gharama. Ibara ya 82 ya Katiba inataka wasajiliwe hatua kwa hatua. Mwaka 2013 waliopiga kura ni walio katika nchi jirani za Afrika Mashariki. Kufikia 2022 vituo vilikuwapo pia katika nchi kama Qatar na Falme za Kiarabu. Kura yenyewe ni ya rais pekee. Kijana wa Msambweni anayefanya kazi Doha humchagua rais, ambaye serikali yake ndiyo inayoshughulikia pasipoti yake na mikataba ya kazi na nchi alipo, lakini hamchagui mwakilishi wa wadi atakayesimamia kisima cha kijiji. Wapo wanaoona amenyimwa haki. Kwa kipimo cha makala hii, mpaka umewekwa karibu na pale unapostahili.

Njia za kulipa deni ziko nyingi na hazihitaji mamlaka: kusomesha, kurudi na ujuzi, kuchangia zahanati, kuandika ukweli ambao mwenyeji anaogopa kuuandika. Sharti ni moja, na ni la nia. Anayetuma fedha za kisima kisha akawapigia simu wanakijiji kuwaelekeza wampe nani kura amegeuza sadaka kuwa malipo ya awali. Kisima kitatoa maji, lakini thawabu na heshima vimekwisha kutumika.

Amana ya kazi mpya

Swali la tatu humhusu zaidi anayehamia kazi ya umma. Max Weber, katika mhadhara wake wa Munich mwaka 1919, aliwatofautisha wanaoishi kwa ajili ya siasa na wanaoishi kutokana na siasa, akamtenga na wote wawili afisa wa serikali, ambaye kazi yake ni kutekeleza bila upendeleo. Sheria ya Kenya imeufuata mgawanyo huo. Ibara ya 77 ya Katiba inamkataza afisa wa dola aliyeteuliwa kushika wadhifa katika chama cha siasa, na Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inamtaka afisa wa umma anayewania kiti ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya uchaguzi.

Sababu ya makatazo hayo inaonekana vyema katika kisa cha Nabii Yusuf, kinachojulikana na Waislamu na Wakristo. Alikuwa mgeni Misri, ameuzwa na ndugu zake, amefungwa bila kosa, kisha akashika ghala za nchi. Njaa ilipoingia, ndugu walewale walikuja kutafuta nafaka. Walipimiwa. Ghala haikuwa chombo cha kisasi chake, wala haikuwa ya ukoo wake. Aliwasaidia jamaa zake pasipo kumpunja Mmisri aliyesimama katika mstari uleule. Afisa wa basari katika wadi yoyote ya Kwale hukutana na jambo hilo kila muhula fomu zinapowekwa mezani: fomu ya mpwa wake iko juu ya fomu ya mtoto wa mpinzani wake. Anabaki na maoni yake ya siasa na kura yake ya siri. Anachoacha nje ya mlango wa ofisi ni haki ya kuyafanya maoni hayo yaamue nani apate.

Uzito wa amana hutofautiana kulingana na kazi. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alitoka Zanzibar baada ya mapinduzi akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1968. Anayekaa katika kiti hicho huamua ndoa, talaka na mirathi za watu wa kila mrengo, na mrithi aliyedhulumiwa hatamwamini kadhi aliyemwona jukwaani na mpinzani wake. Chirau Ali Mwakwere, aliyekuwa mbunge wa Matuga na waziri, baadaye alitumwa kuwa balozi wa Kenya nchini Tanzania. Balozi huisemea dola nzima, wakiwamo waliompinga alipokuwa mwanasiasa. Mhudumu wa hoteli au fundi wa mgodi hana kizuizi cha aina hiyo. Akimaliza zamu anaweza kuvaa fulana ya chama chochote, na mwajiri hana haki ya kumchagulia. Kadiri kazi inavyokaribia maamuzi ya umma, ndivyo mdomo unavyopaswa kufungwa zaidi. Inapokuwa mbali nayo, ukimya wa mtu huwa ni woga tu.

Hukumu

Maswali matatu ya mwanzo yana jibu linalofuata mstari mmoja. Sauti ifuate mzigo: aliyehamia kwa kukaa apige kura alipo na asihesabiwe mvamizi, aliyehamia kwa msimu asikilizwe katika yanayomgusa na awaachie wenyeji yatakayobaki nyuma yake. Deni libaki kwa aliyeondoka, na alilipe kwa ujuzi na mali bila kudai utawala. Amana itangulie siasa kila ofisi inapogusa haki za wote.

Sheria ya Uchaguzi inamruhusu mpiga kura kuhamishia usajili wake mahali alipohamia, akiomba kwa wakati kabla daftari halijafungwa. Kwa mwalimu wa kutoka bara aliyekaa Ukunda miaka 8, au Mdigo wa Kwale aliyejenga na kusomesha watoto wake Nairobi, kuhamisha usajili huo si kuikana asili. Ni kukubali kuwa watu anaogawana nao maji, shule na barabara ndio anaopaswa kuamua nao.